Ladha ya Mhakiki na Tumbo la Zimwi: Tuyapendayo na Tusiyoyapenda katika Masimulizi ya Kumezwa

Utangulizi

Makala haya yanahusu jambo ambalo wahakiki wa fasihi hulitenda kila siku lakini aghalabu hawalikiri, nalo ni kupenda na kuchukia. Tumelichunguza jambo hili kupitia aina moja ya masimulizi ya kiajabu ambayo humlazimisha msomaji afichue ladha yake mapema, yaani masimulizi ya mtu kuliwa au kumezwa na kiumbe kikubwa kuliko yeye. Ni vigumu kumwona binadamu akishuka kooni mwa zimwi, joka au samaki na kubaki bila hisia. Mmoja atacheka, wa pili atasisimkwa, wa tatu atakifunga kitabu.

Kiini hiki ni kikongwe. Katika utenzi wa Hesiod wa Kiyunani, Kronos huwameza wanawe mmoja baada ya mwingine. Yona, ambaye Waislamu humjua kama Nabii Yunus, alikaa tumboni mwa samaki. Nunda mla watu alikuwa amekwisha kuwatia hofu wasikilizaji wa Unguja kabla Edward Steere hajakichapisha kisa chake katika Swahili Tales mwaka 1870. Katika fantasia ya Kiingereza ya miongo ya karibuni kumechipuka hata kijitanzu chenye jina lake mahsusi, vore, neno lililotokana na mzizi wa Kilatini wenye maana ya kula kwa pupa. Sehemu ya maandishi hayo imekusudiwa kuamsha ashiki, na hiyo si mada yetu. Linalotuvutia ni desturi ya wasomaji wake ya kutaja waziwazi wanachokipenda na wasichokipenda. Huyu hutaka aliyemezwa atoke salama; yule huona kwamba kutoka salama ni udanganyifu. Huyu hutaka kisa kisimuliwe na mmezaji. Yule hutaka sauti ya aliyemezwa.

Mhakiki wa chuo kikuu anaweza kuwacheka wasomaji hawa. Hata hivyo, wao wamekwisha kutenda nusu ya kazi ya uhakiki. Nusu iliyobaki ni kueleza sababu. Makala haya yanajaribu kuitenda nusu hiyo ya pili. Hoja yetu ni kwamba simulizi ya kumezwa hufaulu kisanaa pale ambapo aliyemezwa anabaki kuwa mtu: kinywani, tumboni na baada ya kutoka. Hudhoofika pale anapogeuzwa kuwa tonge tu.

Ladha na Kigezo

Neno ladha, katika Kiswahili kama katika lugha nyingi, huanzia ulimini. Mwaka 1790, Immanuel Kant alijaribu kuitenga ladha ya ulimi na ladha ya uzuri: ya kwanza ni ya mtu binafsi na haina haja ya kuungwa mkono na yeyote, ilhali ya pili hudai kukubaliwa na wote. Kabla yake, katika insha ya mwaka 1757 kuhusu kipimo cha ladha, David Hume alikuwa amekikumbusha kisa kimoja kutoka riwaya ya Don Quixote. Jamaa wawili wa Sancho Panza waliitwa kuionja divai ya pipa moja. Wa kwanza aliisifu, ila akasema inanukia ngozi. Wa pili naye aliisifu, ila akasema inanukia chuma. Walichekwa wote wawili. Pipa lilipomalizwa, chini yake ulikutwa ufunguo uliofungwa kwa ukanda wa ngozi.

Kisa hiki ni mwongozo mzuri wa uhakiki. Ladha ya mtu binafsi si aibu, wala si hoja. Ni dalili. Mhakiki anayesema kwamba amesikia ladha ya chuma ana wajibu wa kulimaliza pipa na kuuonyesha ufunguo. Asiyesema alichokionja, bali akakimbilia istilahi, hukificha kile ambacho wengine wangeweza kukipima.

Tuchukue mfano wa Bruno Bettelheim. Katika kitabu chake The Uses of Enchantment cha mwaka 1976, anaikosoa hadithi ya msichana wa kofia nyekundu kama ilivyoandikwa na Charles Perrault mwaka 1697, na kuitukuza ile ya ndugu Grimm ya mwaka 1812. Kwa Perrault, mbwamwitu anammeza msichana na kisa kinaishia hapo, isipokuwa beti za maadili zinazofuata. Kwa ndugu Grimm, mwindaji anakuja, analipasua tumbo, na msichana anatoka pamoja na nyanya yake. Bettelheim hutumia istilahi za saikolojia ya nafsi kutuonyesha kwamba kisa cha kwanza ni kibovu na cha pili ni kizuri kwa mtoto. Huenda hoja zake zina uzito kwa mlezi. Lakini msomaji makini hakosi kuona kwamba chini ya istilahi hizo pamelala pendeleo sahili, la mtu apendaye walioliwa warudi. Pendeleo hilo lingejadiliwa kwa manufaa zaidi kama lingewekwa mezani tangu mwanzo.

Mmezaji Mwenye Historia

Jambo la kwanza tunalolipenda katika masimulizi haya ni mmezaji mwenye historia. Kisa cha Nunda ni kielelezo bora. Mnyama huyu hatoki msituni akiwa tayari ni janga. Anaanza akiwa paka, kipenzi cha Sultani Majnuni. Anamkamata ndama. Watu wanapopeleka malalamiko, Sultani anawakemea kwa hoja kwamba paka ni wake na ndama ni wake. Mnyama anaendelea na mifugo mingine, kisha anaingilia watu, na kila hatua utetezi wa Sultani ni ule ule. Ni baada ya mnyama kuwageukia wana wa Sultani mwenyewe ndipo baba anapotamka kwamba huyu si paka tena, ni Nunda.

Ufundi wa kisa uko katika kuyalinganisha makuzi mawili. Ukubwa wa mnyama unakua sambamba na ukubwa wa udhuru. Hatuambiwi popote kwamba Sultani ni mwovu. Tunaonyeshwa mfululizo wa mashtaka yaliyotupiliwa mbali, na kila shtaka lililotupwa ni nyama iliyoongezwa mwilini mwa Nunda. Kwa hiyo, mtu wa kwanza anapoliwa, msikilizaji anajua ni nani aliyemlisha mlaji.

Sehemu ya pili ya kisa huuendeleza ustadi huu kwa njia ya utambuzi. Kitindamimba anakwenda kumwinda Nunda na kuleta nyumbani mnyama mmoja baada ya mwingine, kila mmoja mkubwa kuliko aliyetangulia, na kila mara mama yake anamwambia kwamba siye. Takriri hii, inayoandamana na wimbo, humpa fanani nafasi ya kuishirikisha hadhira. Lakini kazi yake si burudani tu. Baba alikataa kumtambua mnyama aliyekuwa mbele ya macho yake. Mwana anatafuta kumtambua mnyama asiyemjua. Nunda anauawa, na walioliwa hawarudi. Msimulizi hatupi faraja hiyo, nasi twaona kwamba amefanya vyema, kwa kuwa kuwarudisha kungekuwa kumfutia Sultani deni.

Wahenga walisema kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Methali hii hutumiwa sana kueleza nafuu ya kudhulumiwa na mtu wa karibu. Kihakiki, ina mafunzo mengine: baina ya mlaji na mliwa pana kujuana, na kujuana huko ndiko kunakozaa hadithi. Zimwi lisilomjua mtu hula tu, na kula tu si tukio la kisanaa. Hii ndiyo sababu tunachoshwa na fantasia ambamo joka linatokea ukurasa wa kumi, linameza kijiji kisichotajwa jina, na linasubiri shujaa. Hapo hapana uhusiano uliovunjwa, hapana deni, hapana udhuru.

Tumbo kama Mahali

Jambo la pili tunalolipenda ni tumbo lililofanywa mahali. Vladimir Propp, ambaye mwaka 1928 aliichambua mofolojia ya hekaya za Kirusi kwa mujibu wa matendo ya wahusika, alirejea mwaka 1946 kuzitafuta asili za kihistoria za hekaya hizo, na akakihusisha kiini cha kumezwa na desturi za jando: anayeingia tumboni hufa utotoni na kuzaliwa mtu mzima. Ufafanuzi huu unaeleza asili, lakini hauelezi tofauti ya ubora baina ya kisa kimoja na kingine. Tofauti hiyo, kwa maoni yetu, hutokana na yale yanayowezekana kutendeka humo ndani.

Lucian wa Samosata, aliyeandika kwa Kiyunani katika karne ya 2, anatuingiza pamoja na merikebu nzima ndani ya nyangumi. Humo mna nchi kavu, msitu, na mzee aitwaye Scintharus aliyekaa miaka 27 pamoja na mwanawe, akilima mboga. Wamezwa wanatoka kwa kuuchoma moto ule msitu. François Rabelais, katika Pantagruel ya mwaka 1532, anamwingiza msimulizi wake kinywani mwa jitu, na mtu wa kwanza anayekutana naye ni mkulima anayepanda kabeji ili akaziuze mjini. Erich Auerbach aliipa sehemu hii sura nzima katika kitabu chake Mimesis cha mwaka 1946, akatuonyesha kwamba ajabu kubwa zaidi humo ni ukawaida: kinywani mwa jitu watu wanalima na kuuza kama kwetu. Carlo Collodi naye, katika Pinocchio iliyotoka kama kitabu mwaka 1883, anamkalisha mzee Geppetto miaka miwili tumboni mwa samaki, akila akiba ya merikebu iliyomezwa pia, na Pinocchio anamkuta akiwa na mshumaa wa mwisho. Samaki mwenyewe ni mzee mwenye pumu ambaye hulala kinywa wazi, na ndiyo maana baba na mwana wanatoka kwa miguu yao.

Mshumaa huo unastahili kutazamwa. Ni kipimo cha muda. Bila mshumaa, miaka miwili ni takwimu. Pamoja nao, tunamwona mtu aliyekuwa akihesabu. Scintharus na bustani yake, mkulima na kabeji zake, Geppetto na mshumaa wake: hawa wamemezwa lakini hawajayeyuka. Wana kazi, wana akiba, wana hofu ya kesho. Yunus naye ana sala: anamwomba Mola akiwa gizani, na sala hiyo ndiyo kiini cha kisa.

Katika fasihi ya Afrika iliyoandikwa, Amos Tutuola alilitumia tumbo kwa namna nyingine. Katika The Palm-Wine Drinkard ya mwaka 1952, msimulizi na mkewe wanamezwa na kiumbe mwenye njaa isiyoshibishwa. Kwa kuwa kisa kinasimuliwa katika nafsi ya kwanza, tumbo halionekani kutoka nje. Tunaingia pamoja na anayesema. Naye hasubiri mwokozi, bali anafyatua bunduki humo humo ndani na kujipasulia njia. Pale ambapo wasimulizi wengi huhitaji shujaa wa nje, Tutuola anampa aliyemezwa silaha na sauti.

Kinyume cha haya ni tumbo lililo gunia. Watu wanatiwa, mdomo unafungwa, baadaye unafunguliwa. Hatujui walisikia nini, walisemezana nini, wala kama walijuana. Msimulizi wa namna hii ameyatumia maajabu kama mlango wa kufichia wahusika asiowahitaji kwa muda. Tunapolikataa tumbo kama hilo, tunakataa upotevu wa mahali ambapo hadithi ingeweza kukaa.

Kutoka na Gharama Yake

Jambo la tatu linahusu mwisho. Katika ngano nyingi za mazimwi za jamii mbalimbali za Afrika Mashariki, zimwi linapokata roho huagiza likatwe kidole, na kutoka katika kidole hicho hutoka watu na mifugo yote iliyoliwa. Ladha yetu binafsi haivutiwi na mwisho huu. Hata hivyo, hapa ndipo inapofaa kutenganisha kutovutiwa na kasoro. Ngano husimuliwa usiku, mbele ya watoto watakaokwenda kulala gizani, na fanani anayeirejesha jamii nzima kabla ya kunyamaza anatimiza wajibu wake kwa hadhira. Tena, agizo linatoka kinywani mwa zimwi lenyewe. Kinywa kilichomeza ndicho kinachofunua siri ya kutapika. Kuna mantiki ya ulinganifu hapo ambayo msomaji wa maandishi, aketiye peke yake na kitabu, anaweza kuipuuza kwa urahisi.

Lakini tunapoulinganisha mwisho huo na ule wa Wasotho, tofauti ya uketo inadhihirika. Katika toleo lililorekodiwa na mmisionari Mfaransa Eugène Casalis katika karne ya 19, zimwi limewameza watu wote isipokuwa mwanamke mmoja aliyejificha katika zizi la ndama. Mwanamke huyo anamzaa mtoto, Litaolane, ambaye anakuwa mtu mzima papo hapo na kuliua zimwi. Anapoanza kulipasua, sauti za maelfu zinamsihi kutoka ndani aangalie asiwachome kwa kisu. Watu wanatoka. Kisha wanaanza kumshuku mwokozi wao, kwa kuwa hakuwahi kuwa mtoto kama wao, na mwishowe wanamtafuta wamuue. Sophonia Machabe Mofokeng aliuona uzito wa kisa hiki akakifanya msingi wa tamthilia yake ya Kisotho, Senkatana, ya mwaka 1952, kwa kulitumia jina jingine la shujaa huyo.

Kisu hicho ni ufunguo chini ya pipa letu. Kinadhihirisha kwamba ukombozi nao una makali, na kwamba mkombozi hawezi kuupasua mwili wa zimwi bila kukaribia kuwajeruhi anaowakomboa. Aidha, waliotoka tumboni si wale wale walioingia. Wametoka na woga wao, na woga huo unatafuta mtu wa kumla. Katika kisa cha ndugu Grimm pia mna chembe ya ukweli huu, pale msichana anapotoka na kueleza jinsi kulivyokuwa na giza ndani ya mbwamwitu. Ni sentensi moja tu, lakini bila hiyo tumbo la mbwamwitu lingekuwa gunia. Kwa upande wa Perrault, hakuna anayetoka, na kisa kinabaki na jeraha lililo wazi. Kati ya miisho hii mitatu, tunaupenda wa Kisotho na tunauheshimu wa Perrault, kwa sababu yote miwili inakataa kujifanya kwamba kumezwa hakukutokea.

Jicho la Mmezaji

Limebaki jambo tunalolichukia zaidi kuliko yote. Ni simulizi inayomkalisha msomaji nyuma ya meno ya mmezaji na kumwachia raha ya ukubwa tu. Aliyemezwa anaelezwa kwa ulaini wake, kwa uzito wake, kwa jinsi anavyopita kooni. Jina lake, kama analo, halitumiki tena. Hoja yetu hapa si ya kimaadili pekee. Simulizi kama hiyo hukosa mvutano, maana upande mmoja umeondolewa. Hata raha ya mmezaji inapungua, kwa kuwa hapana wa kumkabili.

Hatusemi kwamba mtazamo wa mlaji haufai kutumiwa. Ngũgĩ wa Thiong'o aliutumia kwa mafanikio katika riwaya iliyotoka kwa Kiswahili mwaka 1982 kama Shetani Msalabani. Pangoni, wezi na wanyang'anyi wanashindana kujigamba mbele ya wageni wao. Gitutu wa Gataanguru analo tumbo lililotukuzwa kwa maelezo kana kwamba ni mhusika kamili. Kimeendeeri wa Kanyuanjii ana ndoto ya shamba ambamo jasho, damu na akili za wafanyakazi zitakamuliwa na kusafirishwa kwa mabomba. Walaji ndio wasemaji. Sifa zote zinatoka vinywani mwao. Hata hivyo, Wariinga yumo ukumbini akisikiliza, na kisa kizima kinatujia kupitia mpiga gĩcaandĩ. Walio chakula wamepewa masikio. Kila jigambo linalotamkwa lina shahidi, na ushahidi huo ndio unaoigeuza raha ya mlaji kuwa tashtiti.

Kiswahili kina utajiri wa pekee katika uwanja huu. Tunakula kiapo, tunakula njama, tunakula hasara, na wako wanaokula rushwa. Jean-François Bayart alipoandika mwaka 1989 kuhusu dola ya Kiafrika na siasa za tumbo, aliutumia msemo wa watu wa Kamerun, lakini msomaji wa Kiswahili hakuhitaji kufasiriwa. Kwa sababu hiyo, mwandishi wetu anayebuni mmezaji wa kiajabu hawezi kuiepuka maana ya kijamii ya kitenzi chake. Akiandika kula, tayari ameandika zaidi ya meno.

Hitimisho

Tumeyataja tuyapendayo: mmezaji aliyelishwa na udhuru wa watu, tumbo linaloweza kukaliwa, na kutoka kunakoacha alama. Tumeyataja tusiyoyapenda: zimwi lisilomjua mtu, tumbo lililo gunia, na jicho lililobanwa nyuma ya meno. Orodha hii ni ya ladha, na mhakiki mwingine atakuwa na yake. Yule anayetaka walioliwa warudi salama hana hatia. Tunachomwomba ni atuonyeshe katika matini ni nini kinachoufanya urejeo huo uwe umelipiwa.

Suala hili lina uzito nje ya kurasa za jarida. Tunapochagua ngano za kuwaingiza watoto shuleni, tunapoamua kulifupisha tumbo, kukiondoa kisu cha Litaolane au kumrudisha aliyeliwa na Nunda, tunaitumia ladha yetu kwa niaba ya wengine. Wanafunzi wa uzamili wanaotafiti fasihi simulizi, ambao ndio watakaokuwa wahariri wa vitabu hivyo, wafundishwe kuandika pembeni mwa daftari zao walichokipenda na walichokichukia kabla ya kuitafuta nadharia, kisha walimalize pipa. Zimwi linalotujua halitatula likatumaliza. Ladha tunayoijua, vivyo hivyo, haitaula uhakiki wetu wote. Ile tunayoificha ndiyo ya kuhofiwa.